Kadi Isiyokula Sana

Ungefika Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mwaka 2014 ukauliza chumba cha gemu kiko wapi, ungeelekezwa kwa Umuhire. Ungeuliza ni binti gani wa Kinyamulenge, kabila la wafugaji wa milima ya Kongo, ambaye washenga wamemchoka kwa sababu kila wakija anawaambia yuko kazini, ungeelekezwa mlango uleule. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini na kichwa kigumu kupita kiasi. Akina mama wa kanisani walimsema kwamba amewafungulia vijana mlango wa shetani. Yeye aliwajibu kwa upole kwamba shetani huwapata vijana wasio na pa kukaa, na kwake mabenchi yapo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo na bati, kompyuta ikiwa moja tu. Ilitoka katika ofisi moja ya mjini Mbarara iliyofunga kazi na kuuza vyombo vyake. Ilizoea kuandika barua, Umuhire akaifundisha kucheza mpira. Juu ya bati aliweka sola mbili, na chini ya meza betri za lori pamoja na inveta, kile kidude kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia mashine. Vijana walikuja jioni, wakashika vidhibiti mikononi, wakapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakahama.

Mwaka ule ikatoka gemu mpya ya mpira, na mashine ikashindwa. Wachezaji kwenye kioo walikwenda kama wanaovuka tope. Ukipiga shuti, mpira unakwama hewani, unafikiri kwanza, halafu ndipo unaingia golini au hauingii.

Jambo hilo lilimuuma Umuhire kuliko alivyoonyesha, na sababu ilikuwa fainali. Kila mwaka vijana wa kambini na wa mjini walishindania kombe la gemu, na kila mwaka fainali ilichezwa Ruti, kitongoji cha Mbarara, kwa bwana mmoja aliyeitwa Kizito, mwenye chumba cha gemu na msimamizi wa mashindano. Kashojwa ilitoa wachezaji hodari, lakini watu wao walibaki nyumbani, njia ndefu na nauli hakuna. Umuhire alikwenda Ruti, akamwomba Kizito fainali ije Kashojwa walau mara moja. Kizito hakuwa mtu wa roho mbaya. Alicheka kidogo, akakuna ndevu, akamwita nyabo, kama Waganda wamwitavyo mwanamke kwa heshima.

"Nyabo, kwenu huko hakuna mashine ya kubeba hii gemu. Lakini mimi nitakuja kuona. Ikicheza mechi moja mzima bila kusimama, final inakuwa kwenu."

Umuhire alirudi na maneno hayo kifuani. Aliitaka fainali ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu avuke mpaka akiwa msichana.

Akamwambia mama yake, Mukamurenzi, kwamba anakwenda mjini kuibadilisha mashine viungo ili ipate nguvu. Mama alikuwa akimkamua ng'ombe wao, hata hakugeuza shingo. Aliuliza kitu kimoja tu, ambacho huuliza juu ya kila mnyama anayeingia boma lake: kitakula nini. Kule milimani walikuwa na kundi. Hapa Nakivale walipewa kiwanja, na kiwanja kile kililisha ng'ombe mmoja, tena aliyechaguliwa kwa kuwa hali sana na maziwa anatoa. Umuhire alicheka, akasema kompyuta haili majani. Lakini usiku swali lile lilimkosesha usingizi, maana alijua fika inakula nini na kwamba chakula chenyewe kinatoka kwenye sola mbili.

Alikwenda Mbarara na Patient, kijana wa Uvira, fundi wa mabao wa Kashojwa nzima na mwenye maneno mengi kama redio. Walibeba mashine yao ndani ya gunia la mahindi, wakaiweka juu ya kaunta ya duka la vipuri. Mwenye duka, mama mmoja wa Kinyankore aliyevaa miwani kwenye kamba, aliifungua, akapuliza vumbi, akasema jambo ambalo Umuhire alikwisha kulishuku: prosesa si mbaya, kinachokosekana ni kadi ya picha.

Akatoa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye feni mbili na mchoro mwekundu wa joka ubavuni. Ya pili ilikuwa fupi, na feni yake moja ililingana na kifuniko cha chupa ya chai. Patient aliishika ile kubwa kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa kubatizwa.

Umuhire akaomba zijaribiwe zote, na akaomba mashine ichomekwe kwenye kile kipimo kidogo kinachoonyesha umeme unaotumika. Mwenye duka alinung'unika, lakini alikichomeka. Kadi kubwa ilipowekwa, hata wapita njia walisimama. Nyasi zilionekana moja moja, jasho lilimeta shingoni mwa wachezaji. Umuhire aliitamani. Alimeza mate, tusifiche. Kisha akainama kutazama kipimo, na namba aliyoiona ilikuwa imeipita nguvu ya inveta yake kwa mbali.

Ikawekwa ndogo. Nyasi zikawa zulia tu, jasho likapotea, lakini mpira ulikwenda bila kusita, na namba kwenye kipimo ilikaa chini, imetulia.

"Yaya, ile kubwa njo mashine ya kweli," alisema Patient, akimwita yaya kama vijana wa kwao wamwitavyo dada aliyewazidi umri. "Hii ingine ni ya batoto. Kizito atatucheka."

"Ile ni muzuri, sikatai," Umuhire alimjibu. "Lakini tukiifikisha kule, itakula nini?"

Akachukua ndogo. Fedha iliyobaki akanunulia memori ya pili, iliyofanana na ile iliyokuwamo, ili zivute pamoja. Tena akabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, maana ile ya zamani ilipoteza umeme mwingi kwa joto tu. Mwenye duka alimpa yenye stika za dhahabu. Umuhire akaipima mkononi, akaona ni nyepesi mno, ndani hamna kitu. Akaomba ile ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia. Mwenye duka alimtazama juu ya miwani, safari hii kwa heshima.

Patient alinuna njia nzima mpaka Nakivale. Walipofika wakafunga kila kitu, wakawasha, kioo kikabaki cheusi. Patient akaanza kulikunjua lile gunia la mahindi, kama wa kuirudisha mashine dukani. Umuhire akazunguka nyuma ya mashine, akakuta waya wa kioo ameuchomeka tundu la zamani badala ya kwenye kadi mpya. Akauhamisha, picha ikaja, akajicheka mwenyewe mpaka machozi.

Kizito alikuja Jumamosi, na mawingu yakaja naye. Tangu asubuhi jua halikuonekana, sola zilikuwa zimelala. Chumba kilijaa, watu wakachungulia madirishani. Kizito akachagua mechi ngumu aliyoijua: uwanja umejaa watazamaji, mvua inanyesha, maana mvua ya kwenye gemu huzitesa mashine kuliko kitu kingine. Akashika kidhibiti yeye mwenyewe, cha pili akampa Patient.

Kipindi cha kwanza kilipita bila tatizo. Cha pili kikiwa katikati, inveta ikalia mlio mmoja mwembamba. Umuhire aliujua mlio huo: betri zinaishiwa. Hakupiga kelele. Aliinama chini ya meza, akachomoa simu zote za wateja zilizokuwa zikichajiwa, akachomoa taa, akachomoa redio. Chumba kikawa giza, kikabaki kioo tu. Inveta ikaacha kulia. Pale gizani kila mtu alikuwa ameshika roho mkononi, na Patient, kidhibiti mkononi, alijua kwamba kama wangekuwa na ile yenye joka, mashine ingezimika kabla ya mapumziko.

Mashine haikusimama hata mara moja. Mvua ilinyesha kwenye kioo, na nje pia ikaanza kunyesha juu ya bati, na mpira ukaendelea kukimbia mpaka refa akapuliza kipenga. Umuhire alikaa chini pale pale kwenye udongo. Alikuwa na furaha isiyo na kifani.

Kizito aliweka kidhibiti mezani, akauliza nani amechagua vipuri. Patient alijibu haraka kuliko wote kwamba ni yaya wake, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekataa, naye anaomba radhi mbele ya watu.

"Basi, nyabo, final ni hapa," alisema Kizito. "Na ukikuja Ruti, unichagulie na mimi."

Kombe lenyewe lilikwenda Ruti, tena kwa penalti, na Patient hakugusa chakula siku mbili. Lakini Kashojwa hawasimulii hilo. Wanasimulia asubuhi ya fainali, jua likiwaka, magari ya kutoka mjini yaliposimama. Kwa kawaida gari likija kutoka mjini, watu wa kambini hupanga mstari, wapokee unga, maharage au sabuni. Siku hiyo watu wa kambini walikuwa wamekwisha kuketi ndani, na waliopanga mstari mlangoni kwa Umuhire, wakiulizana kama nafasi itabaki, walikuwa watu wa Mbarara.