Vitufe Vyangu Vilimkataa Mama wa Buswahili

Leo nimemfanya mama wa watu aombe msamaha kwa kosa langu.

Nilikuwa kijijini Buswahili, najaribu vitufe nilivyotengeneza vya skrini ya mashine mpya ya maji. Unaingiza namba yako ya mteja, maji yanatoka.

Mama mmoja akabonyeza namba yake, saba, polepole, kwa uangalifu. Skrini ikaandika 7777, ikamkatalia.

"Samahani mwanangu. Niliachaga shule miaka ile ya foleni za sukari. Mashine imejua."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Kumbe kidole kikikaa kidogo tu, namba inajirudia. Sisi ofisini tunabonyezaga harakaharaka, hatukuona.

Nikamwambia, "Mama, nimekosea mimi." Nikarekebisha palepale.

Akarudia, polepole vilevile. Maji yakatoka.

Akawaita wenzake wenye ndoo: "Njooni tu. Haichagui mtu."