Kofia ya Fundi Matrekta

Katika mji wao mchezaji wa hoki ya barafuni akifunga mabao matatu peke yake katika mechi moja, mashabiki humrushia kofia zao uwanjani. Kwa misimu tisa Verna aliketi jukwaani kando ya fundi matrekta, timu yao ikifungwa karibu kila Jumapili, na kofia ya fundi haikuwahi kuruka. Hakuivaa humo ndani hata masikio yakiiva kwa baridi. Ilikaa gotini, akiipapasa kwa vidole vyeusi vya grisi na kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa. "Wamechoka tu hao," ndiyo kauli yake.

Jumapili ile walikuwa nyuma kwa mabao saba kwa mawili, yote mawili ya mchezaji wao Kowalchuk. La tatu likaingia, kofia ya fundi ikaruka. Kipaza sauti kikatangaza mfungaji ni mwingine.

"Fundi, hesabu ulisomea wapi?" Verna akamuuliza.

"Miaka tisa nahesabu, dada. Niache nikosee mara moja."

Kowalchuk mwenyewe akaiokota, akamletea ukingoni. "Samahani, mzee. Bado moja."

"Sasa ivae," Verna akamwambia. "Mechi imekwisha hii."

Fundi akaikung'uta barafu, akairudisha gotini. "Bado dakika nzima."