Siku Niliyowapima Wakwe Zangu Siasa

Jamani, aibu hii nimeibeba miaka yote na nilidhani imeshalala, mpaka juzi mwanangu kaja na simu yake, eti "mama, jibu haya maswali ya mtandaoni ujue siasa zako ziko mrengo gani", nikamrudishia simu bila hata kuvaa miwani, akanuna. Hajui kwamba mwenzie nilishajibu maswali ya namna hiyo miaka ya tisini, hapahapa Mpanda, kabla hatujaijua intaneti ni mdudu gani, na nusura yaniache bila mume. Nimechoka hata kuisimulia, lakini haya, sikilizeni.

Enzi hizo vyama vingi vilikuwa vipya, kila kona watu wanabishana, na mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kata (kazi yenyewe kupiga chapa na kuchemsha chai, ila nikipita mtaani Shanwe nanyoosha shingo utadhani waziri). Kaka yangu akarudi na treni kutoka Dar na gazeti lenye ukurasa wa "Jipime: wewe ni mrengo gani?" Unajibu ndiyo au hapana, unajumlisha alama, unaambiwa wewe ni nani. Nikajipima, nikatoka mtu wa katikati, asiyeudhi mtu. Nilifurahi kweli!

Jumapili yake akaja Mzee Luhende, baba wa mchumba wangu Masunga, na ndugu zake, kumalizia maneno ya mahari. Ni Wasukuma wafugaji, walihamia huku na ng'ombe wao, watu wa maneno machache. Wakakubaliana na baba ng'ombe kumi, waletwe Jumamosi. Kilichobaki ni kula tu, na kuku alikuwa hajaiva. Mtoto wa kike mwenye akili zake angetulia jikoni, lakini mimi nikaona wageni wamekaa kimya mno, nikasema ngoja niwachangamshe, nikatoka na gazeti langu.

Maswali ya mwanzo wakacheka. La tatu nikalisoma kwa sauti ya ofisini: "Walio na mali nyingi wapunguziwe ili wasio nayo wapate?"

Mzee Luhende akaacha kucheka. "Wapunguziwe na nani?"

"Haijasema, baba."

"Lini?"

"Hilo nalo haijasema."

Kweli haikusema, na mimi nilipojijibia chumbani sikujiuliza, nilifikiria tu matajiri wa Dar na maghorofa yao. Mali anayoijua yeye ina pembe.

"Na wewe umejibu nini?"

"Nimejibu ndiyo," nikasema, maana niliona ndilo jibu la mtu mwenye roho nzuri.

"Hayo majibu umeshayapeleka ofisini?"

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nikajichekesha: "Bado, baba, nasubiri ya kwenu!"

Hakucheka mtu. Wakala harakaharaka, wakaaga kwa heshima zote, wakaondoka.

Jumamosi pombe imeiva, majirani wamejaa uani, mama mdogo katoka Ilembo na vigelegele vyake koo limeshakaa sawa, wote tumekodolea macho barabara. Ng'ombe hawaji. Alasiri akatokea Masunga peke yake na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope.

"Anastazia, ulimwambia nini mzee?" akauliza mbele za watu wote. "Ng'ombe wameswagwa wote porini Ugalla, wa ukoo mzima! Wanasema karani wa kata anaandikisha wa kupunguzwa."

Baba yangu akaniangalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilidhani yameishia hapo, lakini wapi, habari ikasambaa kwa wafugaji wote, mnada wa ng'ombe uliofuata ukawa mtupu, wauza nyama wakaenda kumkalia bosi wangu kooni, naye akanibeba mpaka mnadani nikawaeleze wafugaji wachache waliokuja kupeleleza. Nikapandishwa juu ya meza, nikasema nyie, hili ni gazeti tu, ni mchezo wa kujipima siasa, na ili waamini nikawasomea ukurasa mzima. Kosa jingine hilo. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Karani, mbona la tatu bado linasema vilevile?"

Watu wakaangua kicheko, na wengine wakaondoka kwenda kuficha ng'ombe waliobaki.

Ng'ombe wa wakwe zangu walikaa porini mpaka mvua zilipokaribia, na kule mbung'o hawana huruma. Mzee Luhende alikuja kwetu na ng'ombe sita, mbavu zinahesabika. Wengine walifia huko. Safari hii nilijificha jikoni kweli, lakini akaniita mwenyewe. Hakunifokea, na bora angenifokea.

"Mkwe," akasema taratibu, "mimi nimeshapunguziwa. Sasa angalia kwenye gazeti lako, aliyepata ni nani?"

Nilisimama pale na kanga yangu mdomoni, machozi yananitoka. Baba aliwapokea wale sita bila kulalamika, ndoa ikafungwa, na mzee yule alinipenda mpaka anazikwa, ila swali lake sikuwahi kulijibu na sina jibu mpaka leo. Kwa hiyo mwanangu anune tu. Aniletee simu nione picha za wajukuu, nisikie bei ya mahindi, chochote, lakini siasa zangu asinipime mtu tena.