Mume Wangu Alipojifunza Wakati Ujao

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mume wangu alianza kusoma Kiingereza. Tulikuwa tukiishi Amu, mji wa Lamu, katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na babake, mimi na yeye tu, kabla ya watoto. Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu, Waingereza bado wapo, naye alikuwa na kazi forodhani ya kusimamia boriti za mikoko zinazopakiwa majahazini. Kazi ile ilimchosha miguu na kumchafua nguo. Alichotaka yeye ni ukarani: kiti cha ndani, kivulini, chenye meza na kidau cha wino. Akaambiwa kiti kipo, ila atakayekikalia lazima aweze kumjibu mkubwa wa forodha kwa Kiingereza.

Mwalimu alikuwa kijana wa Mombasa aliyeletwa kusomesha watoto wa skuli. Asubuhi akisomesha watoto, na baada ya sala ya alasiri akisomesha watu wazima kwenye madawati yale yale. Mume wangu ni mtu mrefu, na siku ya kwanza alirudi akilalamikia magoti kuliko sarufi. Wenzake darasani walikuwa fundi mmoja wa kuchonga milango, muuza nguo wa sokoni, na wengine ambao mimi niliwajua kwa hadithi zake za jioni tu.

Walianza na wakati uliopo, wakaumaliza salama. Wakasimama kwa Kiingereza, wakakaa kwa Kiingereza, wakafungua mlango na kuufunga mpaka bawaba zikalegea. Kisha wakaingia wakati ujao, na hapo darasa likachangamka, maana wanaume wa Amu wana mengi ya kusema juu ya kesho. Tatizo ni kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusema atafanya jambo bila kutia inshallah, na mwalimu akawa hajui neno hilo aliweke wapi ubaoni. Mwenyewe Mwislamu, kulifuta hakutaka. Mwishowe akakata shauri kuwa inshallah itasemwa baada ya nukta, kwa sauti ya chini, na haitahesabiwa kuwa kosa.

Alipoona wameelewa, akawapa kazi ya nyumbani. Kila mtu atunge sentensi moja ya jambo kubwa atakalolifanya mwakani, arudi nayo kwake, aiseme kwa sauti mpaka ulimi uizoee.

Nyumba zetu zina kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu, na neno likisemwa pale huingia vyumba vyote. Mume wangu akawa anazunguka kiwandani, mikono nyuma, kama alivyomwona mkubwa wa forodha akitembea gatini, huku akisema: "Next year I shall marry a second wife." Anafika ukutani, anageuka, anasema kwa sauti ya chini, "Inshallah," kisha anaanza tena.

Mimi nilikuwa nimekaa na ungo, nachagua mchele. Skuli sikwenda, nilisoma Kurani tu chuoni, lakini sikio langu lilikuwa zuri. Nikisikia kitu kikisomwa mara chache tu, nimekihifadhi. Sentensi ile ilinipendeza. Ilikuwa na mwendo kama wa mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Mchele ulipoiva na mimi nilikuwa nimeiva. Nikawa naisema kimoyomoyo huku nakuna nazi, na moyoni najivunia kumpata mume mwenye bidii.

Ng'ambo ya kichochoro aliishi mjane mmoja, mtu mzima, ambaye nyumba yake na yetu ziliunganishwa na wikio, chumba chembamba kilichojengwa juu ya njia kutoka ukuta hadi ukuta. Wanawake tulipita humo kutembeleana bila kushuka chini wala kuvaa buibui. Mimi nilimwita bi mkubwa. Alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi akilea watoto wa Mzungu, na Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni na kitandani, cha kumlisha mtoto na kumlaza.

Asubuhi iliyofuata alipokuja kunywa kahawa, nikataka kumfurahisha. Nikasimama, nikaweka mikono nyuma, nikamsomea: "Next year I shall marry a second wife." Na kwa kuwa nimeihifadhi kama nilivyoisikia, nikatia inshallah mwishoni.

Bi mkubwa aliweka kikombe chini. Akaniuliza nimeyasikia kwa nani hayo. Nikamwambia ndiyo masomo ya bwana, kutwa anayasoma. Akanitazama, akajaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Kisha akanishika mkono, akanieleza neno kwa neno. Mwakani. Nitaoa. Mke. Wa pili.

Mimi sikucheka. Babangu alikuwa na wake wawili, na mamangu ndiye aliyetangulia. Nimekua nikimwona akisikiliza hatua za watu kichochoroni siku zisizokuwa zake, na akijifanya anasikiliza adhana. Kwa hivyo mtu akiniambia ni mzaha, mimi huuliza kwanza ni mzaha wa nani. Nikamwambia bi mkubwa kuwa nafunga nguo zangu, narudi kwetu.

Akasema nisiende popote. Hasira ya Kiswahili, akasema, mume huizoea. Ananyamaza, anakwenda msikitini, akirudi anaikuta imepoa. Akaniuliza neno ambalo bwana hulisema zaidi akiingia nyumbani ni lipi. Sikuhitaji kufikiri. Nikamwambia huuliza chakula.

"Basi mjibu kwa lugha yake," akasema. "Mwambie, I shall cook."

Nikauliza maana yake. Akasema maana yake ni nitapika. Nikamwambia sitaki kupika. Akasema ndiyo uzuri wake: nitapika si ninapika, wala hakuna siku iliyotajwa.

Siku hiyo sikuwasha moto. Mume wangu aliingia adhuhuri, akavua viatu, akanusa hewa, akasema kwa Kiamu chake, "Bi, nina ndaa."

Nikamjibu, "I shall cook."

Sijapata kumwona mtu akifurahi vile. Alisimama pale pale na kiatu mkononi. Akanisifu, akasema kumbe nyumbani ana mwanafunzi mwenzake, akataka niseme tena. Nikasema tena. Akakaa kwenye mkeka, akangoja, huku anacheka peke yake. Akangoja sana. Akainuka, akaenda kuchungulia jikoni, akaona jiko limelala na majivu ya jana. Akarudi, akaniuliza sasa kwa upole, chakula kitakuwa tayari lini?

"Next year I shall cook," nikasema. "Inshallah."

Nilimwona akianza kucheka, kisha nikaona kicheko kikisimama njiani. Alikaa kwenye ngazi ya kiwanda. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa wikio, akajua elimu imepita wapi.

Akaniapia kuwa ilikuwa sentensi ya masomo tu. Mwalimu amewataka waseme jambo kubwa, na kila mmoja amesema lake: fundi wa milango atakwenda Makka, muuza nguo atanunua ndege. Nikamwuliza kwa nini naye hakununua ndege.

"Ndege ilikuwa ishatukuliwa na muuza nguo," akasema.

Nikamwambia mambo makubwa duniani ni mengi. Angeweza kununua jahazi, angeweza kujenga msikiti. Akasema darasa zima lilicheka aliposema vile, na mwalimu pia alicheka, na akaona ni vizuri kuchekesha watu baada ya kazi. Hilo nilimwamini. Mume wangu akipata watu wa kumchekea husahau njia ya nyumbani. Lakini sikuwasha moto, na jioni alikwenda kula mkahawani.

Kesho yake alirudi na hoja mpya. Alikuwa amemwuliza mwalimu, na mwalimu amemwambia kuwa Waingereza wana maneno mawili ya kesho. Mtu akisema "I shall," anataja tu kwamba jambo liko mbele, kama anavyosema kutakucha. Nia yake haimo. Akitaka kutia nia, akitaka kuapa, husema "I will." Na yeye, akasema huku amenyanyua kidole, alisema "shall." Nikamwambia maneno ya mtu mwenye njaa siyashiki. Amlete mwalimu mwenyewe.

Nilidhani hatathubutu. Lakini mkahawa ulikuwa umeshamchosha, na baada ya sala ya Ijumaa akamleta kweli. Mwalimu alikaa kwenye daka, pale mlangoni pa nyumba wageni wanaume wanapokaa kwenye viti vya mawe, na mimi nikasimama nyuma ya mlango wa ndani. Bi mkubwa alikuwa wikioni juu yetu, na dirisha la wikio lilikuwa wazi zaidi ya kawaida.

Mwalimu alikuwa kijana mwenye haya. Akaniamkia kupitia mlango, akaniomba radhi, akasema kosa ni lake kwa kutofafanua kazi. Kisha akaeleza sarufi yote kama alivyoieleza mume wangu: "shall" kwa anayesema juu yake mwenyewe haina nia, ni habari tu ya wakati. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema ndivyo kitabu kinavyosema.

"Basi mwalimu," nikasema, "na mimi nilipomwambia bwana I shall cook, sikuwa na nia?"

Nikasikia kiti cha mawe kikikwaruzwa na kandambili za mtu.

"Kwa sarufi," akasema mwalimu pole pole, "hukuwa na nia, Bi. Umesema sawasawa."

Mume wangu akamwambia kuwa yeye ameletwa kumsaidia mwenye nyumba. Mwalimu akasema anajua, lakini sarufi haimjui mwenye nyumba. Juu yetu nikasikia bi mkubwa akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Nikawaambia basi jambo ni jepesi. Ikiwa neno la kiapo lipo, mume wangu alitamke mbele ya mwalimu wake, na akanushe. Mume wangu akanong'ona na mwalimu kidogo, kisha akasafisha koo, akasema kwa sauti ya kiwandani, "I will not marry a second wife."

Mwalimu, kwa mazoea yake, akamsahihisha matamshi ya "will," akamtaka arudie. Akarudia. Bi mkubwa akasema kutoka juu kwamba hakusikia vizuri, naye akarudia mara nyingine, sasa akiangalia dirishani. Wapita njia wawili walisimama. Sijui walielewa nini, lakini mmoja alimpa mkono wa kheri.

Mimi nyuma ya mlango nilijikuta nalia na kucheka pamoja, na nilishukuru kuwa mlango ni mnene. Maneno yale sikuyajua vizuri, ila sauti yake niliijua. Mtu huweza kusema uongo kwa lugha ya kigeni bila kujua kuwa anasema uongo, lakini yeye ile mara ya tatu aliisema taratibu, kama anayeshika kitu kisimponyoke.

"I will cook," nikawaambia wote wawili, nikaenda kuwasha moto. Nilipika samaki wa kupaka na wali wa nazi, na mwalimu akala na mume wangu darini, orofa ya juu. Bi mkubwa nilimpelekea sinia yake kupitia wikio. Akala nyama ya kichwa yote, akasema ndiyo haki ya mwalimu wa kweli.

Mke wa pili hakuja, mwakani wala mwaka wowote. Sikuwahi kujua kama ni kwa ajili ya sarufi au kwa ajili ya mshahara, na sikuuliza.

Kilichotufika baadaye ni kwamba mwalimu alihamishwa. Barua ilikuja ghafla, akapanda jahazi kwenda Mombasa na kitabu chake, na darasa lilikuwa limefika hapo: wakati uliopo wameumaliza, wakati ujao wameukamata, wakati uliopita hawajaufungua. Mwalimu wa pili alichelewa sana kuja. Kwa hivyo watu wazima wa darasa lile wakabaki na Kiingereza kisichokuwa na jana.

Siku mume wangu alipoitwa kwa mkubwa wa forodha kuulizwa maswali, aliulizwa kama jahazi la kutoka Kipini limeshafika. Lilikuwa limefika. Akatafuta neno, hakulipata, akasema, "Yes sir, it will come yesterday." Mkubwa akamwuliza kama limeshusha shehena. Akasema ndiyo, litashusha jana jioni. Mkubwa akaandika jambo kwenye karatasi, na mume wangu akarudi nyumbani akiwa na hakika kazi imempotea. Lakini kazi alipewa. Wengine waliokwenda siku ile walikuwa wamenyamaza kimya kabisa, na yule Mzungu alisema angalau huyu mtu anajua jahazi liko wapi.

Alifanya ukarani miaka mingi kwa namna hiyo. Mambo yaliyokwisha aliyaeleza kana kwamba yatakuja, na wakubwa waliokuja mmoja baada ya mwingine wakamzoea. Alijifunza wakati uliopita kutoka kwa binti yetu, alipoanza skuli na kurudi na kitabu. Walikaa kiwandani, mtoto akimsomea. Mtoto alipofika kwenye "go" akamwambia babake kwamba jana yake ni "went," naye akamtaka asome tena. Akasoma tena. Mume wangu akachukua kitabu, akakisogeza kwenye mwanga, akakitazama mwenyewe.

"Nani aliyewapa Waingereza ruhusa?" akaniuliza mimi. Akasema wakati ujao ni wa watu wenye adabu: unaweka neno moja mbele, na kitenzi unakiacha kama mamake alivyokizaa. Huu uliopita unakivunja mifupa. Binti yetu akamwambia vitenzi vya namna hiyo viko vingi, vimejaa kurasa mbili nzima. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena, akamwambia haya, soma.