Kisigino cha Dalali

Dalali wetu wa viwanja hakuwa mtu wa maneno mengi. Akifika na mteja alikuwa anakunja suruali mikunjo miwili, anapangusa viatu kwa kitambaa kisichotoka mkononi, kisha anapiga kisigino chini mara tatu, ko, ko, ko. "Sikia mwenyewe, dada. Hapa hata ghorofa inakaa." Wateja walicheka, na wengine walipiga visigino vyao palepale alipopiga yeye.

Jana, kwenye mahakama ya rufaa, aliketi benchi la nyuma na viatu vilevile, visigino vimelika upande mmoja. Wakili wa mama fundi cherehani aliyenunua kiwanja changu alikuwa anasoma kumbukumbu za kesi ya kwanza: ko, ko, ko ile, na jinsi mvua ziliponyesha mama wa watu akajikuta anafuga vyura badala ya wapangaji. Jaji akauliza kwa nini dalali alisimama kwenye pembe ile tu, penye mwamba. Wakili akafunua kurasa mbili, akasoma jibu la dalali: "Niliichagua mwenyewe." Nikamtazama dalali. Kisigino kilinyanyuka chini ya benchi, kikakaa hewani, kisha akakishusha polepole kama mtu anayepita karibu na chumba cha mgonjwa. Hakunigeukia. Pembe ile nilimwonyesha mimi, asubuhi, kabla mteja hajafika. "Piga hapa, kaka," nilimwambia. "Kwingine kote usiguse." Naye hakuniuliza kwa nini.