Korongo Nililolizika Likiwa Hai

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, jua la Dodoma limesimama utosini, nami nimeshika ncha ya mnyororo wa kupimia ardhi. Usinicheke. Wewe leo unasomea mipango miji, una kompyuta yenye ramani ya dunia nzima. Sisi enzi zile tulikuwa na mnyororo wa chuma, panga la kufyekea miiba na darubini ya miguu mitatu ambayo Bwana Mpima hakutaka tuiguse hata kwa kidole. Mimi nilikuwa kibarua wake. Alinichukua kwa sababu nilizaliwa Mkonze na njia zote za ng'ombe nilizijua.

Mkonze wakati huo ilikuwa mashamba ya uwele na miiba mitupu. Ilikwisha semwa kwamba makao makuu ya serikali yanakuja Dodoma, basi tukatumwa kukata viwanja mahali ambapo jioni walikuwa wanapita fisi. Wazee wetu walitutazama tunachimbia mawe ya mipaka wakatikisa vichwa. Nami, nikiwa na kofia ya turubai niliyopewa kazini, nikawaona washamba.

Basi tukafika kwenye korongo. Kama hukulelewa huku, usidhani korongo ni shimo la kutupia taka, ingawa siku hizi ndivyo tulivyolifanya. Korongo ni mto wetu wa mchanga. Karibu mwaka mzima ni kavu, mbuzi wanalala humo, watoto wanacheza. Kisha mvua inanyesha huko vilimani, mbali, wala wewe huoni hata wingu, na maji yanashuka kwa siku moja au mbili kama yanayokimbizwa. Mwaka ule mvua ilikuwa imetunyima kwa msimu wa tatu, na katikati ya korongo vichaka vilikuwa vimeota hadi kiunoni.

Bwana Mpima alikuwa mtu wa haki, namsema vizuri. Kwenye karatasi yake alikuwa amekwisha chora ukanda mpana kwa penseli ya bluu, sehemu ya kuachiwa maji. Akaangalia karatasi, akaangalia vile vichaka, akaniita.

"Kijana, wewe ni wa hapa. Maji bado yanapita hapa?"

Mwanangu, swali lilikuwa hilo tu. Lakini kama ningesema ndiyo, ingebidi mstari wa viwanja urudi nyuma, na sisi vibarua tufyeke miiba upya siku tatu nzima. Wenzangu walinikazia macho. Tena, niseme ukweli, nilitaka Bwana Mpima anione mtu wa kisasa, si mtoto wa wafugaji anayeogopa mchanga mkavu. Nikasema, "Hapana bwana. Hili lilikufa zamani."

Akatoa raba mfukoni. Akafuta ule ukanda wa bluu taratibu, akapuliza unga wa raba, na mahali pake akapanga viwanja kumi na viwili. Mpaka leo nikiona mtoto wa shule anafuta daftari, moyo unanipasuka.

Jioni baba yangu mkubwa, Mzee Chalula, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa akirudisha ng'ombe akayakuta mawe ya mipaka katikati ya korongo. Hakupiga kelele. Alikuja nyumbani, akanikuta nakula ugali wa uwele na mlenda, akasema, "Nawa mikono, twende." Tukaenda. Akaniamuru nipige magoti pale kwenye jiwe tulilochimbia mchana na nichimbe kwa mikono. Nikachimba. Mkono ulipozama hadi kwenye kiwiko, mchanga ukawa baridi. Nikachimba kidogo tena, maji yakaanza kujikusanya kwenye vidole vyangu.

"Maiti hatoi jasho," baba mkubwa akaniambia. "Umemzika mtu anayepumua. Kesho asubuhi, kabla hujashika mnyororo, kamwambie bwana wako ulikosea. Kukosea hakuui mtu. Atakufokea, mtafyeka miiba, yataisha."

Nikaitikia. Asubuhi nikaenda mapema kweli, nikamkuta Bwana Mpima amekaa kwenye kigoda anakunywa chai ya rangi. Akainua uso, "Enhe, kuna nini?" Neno lilikuwa mdomoni, mwanangu, nililihisi kama jiwe dogo la kwenye wali. Nikaona wenzangu wanakuja huku wanacheka. Nikasema, "Hakuna kitu, bwana. Nimekuja kukusalimia." Nikalimeza.

Baba mkubwa aliponiuliza nikamjibu kwamba nimesema. Mwaka uliofuata tukamzika naye akiamini hivyo.

Basi mji ukakaa miaka mingi umesinzia, sisi tukadhani yale ya makao makuu yalikuwa maneno tu. Kumbe! Wizara zilipohamia kweli kweli, Dodoma ilivimba. Leo ukitoka hapa kwangu kwenda dukani huoni njia. Ile waliyokanyaga bibi zetu imezibwa na ukuta wa mtu ambaye hata majirani hawamjui jina. Watoto wanacheza mpira barabarani, bodaboda wanawapigia honi na kuwatukana. Mashamba ya zabibu yamekuwa vibao vya "Eneo hili haliuzwi." Kila mtu anatandaza zege uani ili asikanyage tope, na maji ya uani kwake anamsukumia jirani wa chini, naye jirani anamsukumia wa chini yake. Malori yanachota mchanga wa makorongo usiku na mchana. Ukisema, unaambiwa, "Mzee, hayo ndiyo maendeleo." Haya. Maendeleo.

Siku moja binti yangu Nyemo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja mbio mbio na karatasi mkononi. Amepata kiwanja! Kimepimwa, kina hati, tena hapa hapa Mkonze, karibu na baba yake. Nikavaa miwani. Nikaitazama ile ramani, nikahesabu kutoka njia panda, nikakijua. Kilikuwa cha saba katika vile kumi na viwili.

Unadhani nilisema nini? Ningemwambia kwamba kile kiwanja ni korongo, angeniuliza nimejuaje. Na nikimwambia nimejuaje, basi nimekwisha mbele ya binti yangu. Nikamwambia, "Hongera, mama. Mungu ni mwema."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Alijenga nyumba ya vyumba vitatu, akapaka rangi ya maziwa, akapanda maua. Nami nikawa naenda kumwangalizia mjukuu, Neema, mwenye miaka minne, Nyemo anapokuwa kazini.

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Sikiliza vizuri: jua! Nguo zilikuwa zimeanikwa. Saa nane mchana, Neema anakula ndizi, nikasikia mlio ambao sijausikia tangu utotoni, kama gunia la mawe linaburutwa kutoka mbali. Nilijua. Miguu yangu ilijua kabla yangu. Nilimnyakua mtoto nikapanda naye kwenye jukwaa la tangi la maji, mzee wa miaka sabini na ushee, sijui nilipandaje. Maji yakaingia kwa mlango wa nyuma yakatokea sebuleni, na ukuta wa chumba cha Neema ukalala chini mzima mzima. Nikaona kitanda chake kikielea kwenda zake. Mtoto alinishika shingo akauliza, "Babu, kitanda kinaenda wapi?" Nililia, mwanangu, nililia kwa sauti kama mtoto mwenzake, mpaka vijana wa jirani walipotushusha kwa kamba.

Nyemo alifika matope yamemfika magotini, viatu ameshika mkononi. Alimkumbatia mtoto, akamkagua mikono, akamkagua kichwa. Kisha akageuka kuutazama mchanga mweupe uliojaa sebuleni kwake, mchanga wa mto mtupu, akauliza, "Baba, hapa palikuwa na nini?"

Nikamweleza yote. Penseli ya bluu. Raba. Baba mkubwa. Ile asubuhi ya chai ya rangi. Aliniacha nimalize, kisha akauliza neno moja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akamchukua mtoto akaondoka.

Sasa amepanga nyumba mtaa wa Area D, mbali na korongo. Usidhani ananitukana, hapana, nilimlea vizuri. Kila Jumapili baada ya kanisa anapita, ananiamkia shikamoo, ananiachia unga na mboga. Lakini Neema haji naye. Nikimuuliza mtoto hajambo, anasema hajambo. Basi.

Na pale korongoni? Wanajenga tena! Walichorewa alama nyekundu ya kubomolewa ukutani, wakasubiri jua la miezi miwili, wakapaka rangi juu yake. Nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikasema kila kitu, jina langu na kosa langu, mbele ya watu. Kijana mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, una karatasi inayoonyesha kwamba hapa ni mto?" Karatasi! Nilikuwepo ilipofutwa! Watu wakacheka, mwenyekiti akasonga mbele kwenye ajenda ya taka. Ukweli wangu ulichelewa miaka arobaini na zaidi, na ukweli uliochacha hakuna anayeunywa. Nangoja mvua nyingine. Sina ninaloweza kuzuia tena.

Ndiyo maana nakusumbua wewe. Kesho utakabidhiwa kalamu ya kuchora mitaa ya watu. Kabla ya kuchora, piga magoti uchimbe. Muulize mchunga mbuzi, muulize bibi anayeteka maji, hata kama anakujibu kwa lugha usiyoijua. Na ukiulizwa wewe ukasema uongo, maana utasema, sote ni watu, rudi siku hiyo hiyo. Usilale nao. Kufokewa asubuhi moja ni kitu kidogo sana, mwanangu. Mimi nilikikwepa, na tazama nilivyokilipia.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe ulimi mwepesi kuliko aibu yako. Akujalie watoto na wajukuu wanaolala pakavu, na siku binti yako atakapokuuliza, "Baba, ulijua?", uwe na jibu ambalo halitamfanya amchukue mtoto aondoke.