Nilijaza duka bodi za printa za tarehe, kumbe mashine inaangushwa na kipande cha mpira

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Kisii mvua ya mchana imeshika, wateja wamejibanza kwao, nami nimepata nafasi ya kuandika. Haya yalinipata mimi mwenyewe na nitayaeleza yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, fundi wa printa za viwandani. Naishi Nyanchwa, duka liko hapa chini mjini.

Zile tarehe ndogo kwenye chupa ya maji, mkate au pakiti ya unga, kuna mashine inayozirusha pale kwa matone ya wino. Ikilala hiyo mashine, kiwanda chote kinalala, maana supamaketi haipokei bidhaa isiyo na tarehe.

Kazi naijua, sitajificha. Nikiisikiliza printa inavyonguruma naweza kukwambia inaumwa wapi. Lakini kujua kutengeneza na kujua kuweka spea ni vitu viwili tofauti. Hilo nililijua kwa aibu.

Nilipofungua duka nilitaka mteja akiingia tu ajue amefika kwa mtu wa maana. Nikajaza rafu za mbele bodi (ndizo ubongo wa mashine), skrini na vichwa vizima vya kuchapia. Vitu vya kung'aa, vimefungwa kwenye plastiki yake. Watu waliingia wakashangaa. "Aisee, kumbe Kisii tuna duka kama hili!" Nami nikavimba kichwa.

Filta, mipira, sensa na vijibomba? Hivyo niliviona vitu vya kuagiza siku mtu akiomba.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja upande wa Nyamira. Nitamwita Mwalimu Nyaboke. Alistaafu ualimu, akaanzisha kiwanda kidogo cha unga wa wimbi. Wimbi ananunua kwa akina mama wa huko huko, na wengine wao ndio wanaofunga pakiti. Alikuwa ametafuta oda ya supamaketi muda mrefu sana, na safari hii akaipata. Lori lilikuwa lije kuchukua mzigo Jumapili.

Jumatano akanipigia. "Fundi, mashine imekataa. Inamwaga wino chini."

Nikafika, nikafungua. Wino wa printa hizi huzunguka bila kusimama. Matone yasiyochapa hushikwa na kurudishwa ndani na pampu ndogo ya kuvuta. Hiyo pampu ilikuwa imekufa.

Nilikuwa na bodi tatu dukani. Pampu hata moja sikuwa nayo.

Muuzaji wa kwanza Nairobi akasema original itachukua wiki mbili. Wa pili akanijibu haraka haraka, "Madam, ninayo hapa. Inaingia. Ni ile ile."

Inaingia. Wakuu, hilo neno limeniponza. Sikuuliza ni ya wino gani wala mpira wake wa ndani ni wa aina gani. Nilichotaka ni kumaliza. Pampu ikaja na basi, Alhamisi mchana nikaifunga, ikaingia kweli, tarehe zikatoka safi. Akina mama wakapiga makofi. Mwalimu akaniambia mbuya mono, asante sana kwa Kikisii, na akanifungia unga wa kwenda nao nyumbani. Nikaupokea.

Ijumaa asubuhi simu yake ikaita tena. Safari hii hakusalimia. "Njoo uone."

Nilipofika nilikuta meza imejaa pakiti zenye madoadoa meusi. Wino ulikuwa ukirushwa ovyo, mwingine ukichuruzika kutoka kwenye pampu yangu mpya. Nikaifungua. Mpira wa ndani ulikuwa umevimba kama andazi na kulegea. Wino ule una kemikali kali, inanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kuna mpira unaoivumilia na mpira unaoliwa nayo. Wangu uliliwa kwa siku moja.

Mwalimu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Akauliza polepole, vile walimu huuliza wakiwa tayari wanajua jibu.

"Fundi, ni mashine imeharibika ama ni wewe?"

Ningeweza kusema ni stima. Ningeweza kumlaumu wa Nairobi. Na uongo wa kifundi ninaujua, nikiutoa hakuna mtu pale angenibishia.

Nikamwambia, "Ni mimi, Mwalimu. Nilileta pampu bila kuuliza."

Akaokota pakiti moja yenye doa, akaigeuza. Halafu akasema, "Basi unajua sisi ni Wasabato. Saa kumi na moja jioni hii mashine inazimwa, watu waende nyumbani kujiandaa. Kesho hakuna kazi hapa, hata lori likija na malaika."

Saa yangu ilionyesha saa nne na nusu.

Hapo ndipo alipokuja mzee Ogeto. Huyu ndiye aliyekuwa akiiendesha mashine kila siku, mzee mpole, na nakiri sijawahi kumuuliza kitu zaidi ya "swichi iko wapi?" Alikuwa na daftari la shule, limejaa vumbi la unga. Akanipa.

Kila mara mashine iliposimama, mzee aliandika. Tarehe, skrini ilisema nini, fundi gani alikuja na alibadilisha nini. Kurasa baada ya kurasa: filta imeziba. Sensa ina vumbi. Mpira wa pampu. Filta. Filta tena. Mpira wa pampu.

Nikatafuta neno bodi. Sikuliona hata mara moja.

"Fundi, hii mashine haiuawi na vitu vikubwa," mzee akasema. "Inauawa na vumbi la unga, na hako kampira. Hata pampu ya zamani mota yake ni nzima. Nimeizungusha mwenyewe."

Nikaichukua ile pampu ya zamani, nikaifungua na kuipima hadi saa sita ikapita. Ni kweli. Mota nzima, mpira ndio ulikuwa umepasuka. Sikuhitaji pampu kabisa. Nilihitaji kipande cha mpira kinachotosha kwenye kiganja.

Nikamkumbuka Abdalla. Ana kiwanda cha maji ya chupa Kisii mjini, printa yake ni ya jamii hiyo hiyo na anaitengeneza mwenyewe. Ana kisanduku cha mipira na filta, na mimi nilikuwa nikimcheka, namwita daktari wa mipira. Nikapiga. Haipokelewi. Nikapiga tena na tena, hadi mzee akaniambia kwa upole, "Leo Ijumaa. Atakuwa msikitini."

Wakuu, nimewahi kungoja matokeo ya mtihani, nimengoja leba. Ile ngojangoja ilikuwa ya aina yake. Nikaona kukaa bure ni aibu zaidi, nikakaa chini na akina mama tukafungua pakiti zilizochafuka na kuhamishia unga kwenye mifuko mipya. Hakuna aliyenisema. Mmoja alinisogezea tu kiti.

Karibu saa nane Abdalla akapiga.

"Dada, nimeona simu kumi na moja. Nani amekufa?"

Nikamweleza. Sikutaja bei, wala yeye hakuitaja. Aliuliza tu namba ya kibao kilicho nyuma ya mashine na aina ya wino, nikamsomea. Akasema, "Huo ninao. Boda inatoka sasa."

Mpira ulifika saa tisa na robo, mvua ikinyesha, umefungwa kwenye karatasi. Juu yake ameandika kwa kalamu aina ya mashine, aina ya wino, na mwezi alioununua. Nikaufunga kwenye pampu ya zamani, nikabadilisha na filta kwa ile ya mwisho aliyokuwa ameiweka mzee. Saa kumi kasoro tarehe ya kwanza ikatoka.

Tulichapa hadi saa kumi na moja kamili. Mwalimu mwenyewe akazima. Mzigo ulikuwa haujaisha, sitawadanganya. Uliobaki ulimaliziwa Jumapili alfajiri, na lori likapakia pakiti ya mwisho dereva akiwa ameshawasha injini. Oda ikabaki. Hadi leo wanaipeleka.

Sasa nilichojifunza, kwa wanaofanya kazi hii au wanaotaka kuianza.

Usiweke spea kwa kuangalia katalogi, wala usimuulize mwenye kiwanda. Muulize anayebonyeza mashine kila siku. Baada ya hapo nilizunguka kwa wateja wangu wote, hadi Nyamarambe kwa muoka mikate, nikauliza swali moja: mara ya mwisho ilisimama kwa nini? Mwenye vumbi anakula filta. Mwenye maji anaua sensa. Hao wawili huwezi kuwawekea stoo moja.

Siku hizi vitu vidogo vya kila mashine ninavyo viwili viwili. Mipira iko kwenye kabati lenye giza, maana jua linaikausha. Wino wa zamani unatoka kwanza. Bodi moja nimebakisha, nyingine nimerudisha Nairobi. Na mtu akiniambia "inaingia", namuuliza, "Ikishaingia, itaishi na huu wino?" Wengi hukata simu. Sawa tu.

Duka langu sasa halipendezi. Ni droo na vikaratasi. Lakini tangu wakati huo hakuna kiwanda huku kilichonipigia nikakiambia subiri wiki mbili.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenye stoo yako, spea gani imekaa kuliko zote, na uliinunua kwa ajili ya mashine ama kwa ajili ya macho ya watu? Mimi nimeshajianika. Semeni na nyinyi.